Zumthor, Kéré au Vally: ukijenga banda la muda bustanini, umfuate nani?

Kila kiangazi, kwenye nyasi za Kensington Gardens mjini London, hujengwa banda ambalo Oktoba ikifika linang'olewa. Anayeliagiza ni jumba la sanaa la Serpentine, lenye makao yake katika jengo dogo la mwaka 1934 lililokuwa mkahawa wa chai humo humo bustanini. Utaratibu ulianza mwaka 2000, pale mkurugenzi wa wakati huo, Julia Peyton-Jones, alipomwomba Zaha Hadid, msanifu majengo mzaliwa wa Baghdad, atengeneze hema la karamu ya kuchangisha fedha. Karamu ikaisha, hema likaachwa lisimame, na watu wakalipenda kiasi kwamba mwaka uliofuata akaitwa msanifu mwingine, na baada yake mwingine.

Sharti kuu limekuwa moja: anayeitwa awe hajakamilisha jengo lolote England wakati anapopokea mwaliko. Muda ni mfupi, kama miezi sita tangu mwaliko mpaka kufungua. Kuingia ni bure. Mchana banda ni mkahawa na mahali pa kupumzikia. Jioni ni ukumbi wa mazungumzo, muziki na mashairi.

Nayalinganisha mabanda haya kwa ajili ya mtu mwenye kazi mkononi. Ameagizwa na kamati ya tamasha, chuo au jumba la sanaa atafute banda la msimu mmoja. Ana kiwanja chenye miti na nyasi, bajeti haitoshi, na anatafuta mfano wa kuanzia. Akiingia mtandaoni atakuta mabanda zaidi ya 20 ya Serpentine, karibu yote yamepigwa picha jua likiwaka na watu wakiwa wachache. Picha za namna hiyo hazimsaidii kuamua. Mimi nayapima kwa maswali matatu: mvua ikinyesha, watu wanakwenda wapi? Aliyekuja peke yake na waliokuja kundi wanakaaje? Na msimu ukiisha, kinabaki nini? Uzuri nauweka nyuma ya hayo, si kwa kuudharau, ila kwa wasanifu wa kiwango hiki uzuri haukosekani.

Nimewachukua wasanifu watatu, Mswisi Peter Zumthor wa 2011, Francis Kéré wa 2017 na Sumayya Vally wa 2021, kwa sababu majibu yao hayafanani hata kidogo.

Zumthor: bustani iliyofungiwa ndani ya bustani

Kwa nje, banda la Zumthor lilikuwa boksi refu jeusi lisilo na dirisha. Kuta zake zilikuwa fremu nyepesi za mbao zilizovikwa kitambaa kigumu, kisha zikapakwa rangi nzito nyeusi isiyong'aa. Hakuna aliyelipita akasema lina majivuno. Wengi walilipita wakidhani ni stoo.

Ukiingia mlangoni hukutani na ukumbi. Unakutana na ujia wenye giza kati ya kuta mbili, na mlango wa ndani haukuelekezwa sawa na ule wa nje, kwa hiyo lazima utembee hatua kadhaa pembeni kabla ya kupata pa kuingilia. Hizo hatua ndizo zilizofanya kazi yote. Jumba la Serpentine liko kando ya West Carriage Drive, barabara inayopita magari mchana kutwa, na ule ujia uliyapunguza magari masikioni na kukupa nafasi ya kuacha haraka uliyokuja nayo. Halafu ghafla mwanga: kitalu kirefu chembamba kilicho wazi kwa anga, kimejaa mimea mirefu ya maua na majani ya mwituni, iliyopangwa na Piet Oudolf, Mholanzi aliyepanga pia mimea ya High Line, bustani iliyo juu ya njia ya zamani ya reli kule New York. Kuzunguka kitalu chote, chini ya paa lililoinamia ndani, kulikuwa na benchi refu limeegemea ukuta.

Yeyote aliyeketi pale alitazama mimea. Hilo ndilo wazo lote la banda, na ninavyoona mimi hakuna banda la Serpentine lililokuwa na wazo safi kuliko hilo. Aliyekuja peke yake hakuonekana mpweke, maana kila mtu alikuwa ametazama mahali pamoja. Wawili waliokuja kuzungumza walikaa ubavu kwa ubavu wakaongea kwa sauti ya chini.

Lakini mpe mtu huyo huyo kazi ya jioni yenye wasikilizaji 200 na msemaji mmoja. Katikati, mahali ambapo angesimama msemaji, pana maua. Viti viko kwenye mstari mrefu, wa mwisho huku hamwoni wa mwisho kule. Banda hili linawafaa wanaotaka kukaa kimya pamoja, si wanaotaka kukutana. Pia bustani haijengwi kwa haraka kama mbao. Mimea lazima ioteshwe mahali pengine miezi mingi kabla, ifike ikiwa imekua, na iwe na mtu wa kuitunza kila siku. Wanaoiga Zumthor mara nyingi huweka bajeti ya ukuta mweusi na kuisahau ya mtunza bustani.

Kéré: mti wa mkutano

Diébédo Francis Kéré alizaliwa mwaka 1965 Gando, kijiji cha Burkina Faso. Alikwenda Ujerumani kwa ufadhili wa kujifunza useremala, akaishia kusomea usanifu Berlin, na akiwa bado mwanafunzi akachangisha fedha za kuwajengea watoto wa Gando shule ya msingi. Shule ile ilikamilika mwaka 2001 na ikapata tuzo ya usanifu majengo ya Aga Khan mwaka 2004. Mwaka 2022 akawa Mwafrika wa kwanza kupata Pritzker, tuzo ya juu kabisa ya usanifu majengo. Nayataja haya kwa sababu banda lake la London halieleweki bila Gando. Kijijini pale upo mti ambao watu hukutana chini yake, na Kéré aliuchukua mti ule kama mpango wa jengo, hakuutumia kama pambo.

Paa lilikuwa duara kubwa lililochongoka kidogo kama yai, la vipande vya mbao juu ya fremu ya chuma, na juu yake plastiki ngumu inayopitisha mwanga. Lilibebwa na nguzo za chuma kutoka sehemu ya kati, kama matawi yanavyotoka shinani. Kuta hazikubeba paa hata kidogo. Zilikuwa vipande vinne vilivyopinda, vilivyosimama peke yake, na kati ya kipande na kipande ndipo palipokuwa pa kuingilia. Milango minne, na hakuna uliokuwa wa mbele. Kati ya kichwa cha ukuta na paa hewa ilipita. Kanuni hiyo ndiyo aliyoitumia Gando kwa kuliinua bati juu ya dari ili joto litoke, na amekuja kuitumia kwa namna nyingine Turkana, kaskazini mwa Kenya, katika Startup Lions, kampasi ya mafunzo ya teknolojia iliyokamilika mwaka 2021, ambako minara iliyofuata umbo la vichuguu huvuta hewa ya moto kuipeleka juu.

Ukisogea karibu na ukuta ndipo ulipoona useremala wenyewe. Vitofali vya mbao vya pembetatu, vilivyotengenezwa karakana kabla ya kuletwa bustanini, vilipangwa kimoja juu ya kingine na kuachiana nafasi ndogo ndogo. Vyote vilipakwa buluu iliyokoza, buluu ya nili, ambayo kwao ni rangi ya sherehe, ya nguo unayoivaa siku unayotaka kuonekana. Jua lilipochepuka mwanga ulipenya zile nafasi ukadondoka sakafuni kama kitenge. Usiku taa zikiwa ndani, banda lilivuja mwanga kwa nje, na mpita njia alijua kuna watu.

Na katikati ya paa, tundu. Paa lote liliinamia ndani, kwa hiyo mvua ya London haikumwagika pembezoni bali ilikusanyika na kushuka katikati ya ua kama maporomoko, watu wakiwa wamesimama kulizunguka wakiwa wakavu. Maji yalipokelewa chini na kutumika kumwagilia bustani. Msanifu aliyekulia mahali ambapo mvua ni neema aliona hapo tamasha, wakati wengine hupanga mifereji ya kuyaficha maji.

Udhaifu upo. Banda la wazi namna hii linategemea programu. Siku isiyo na shughuli linakuwa kivuli kizuri na mkahawa, basi. Kelele za nje zinaingia, na mtu anayetafuta utulivu wa Zumthor hatoupata. Tundu la katikati nalo linakunyima jukwaa kavu siku ya mvua. Lazima msemaji akae upande mmoja, na wasikilizaji wa upande wa pili wamwone kupitia pazia la maji. Kwangu hilo ni jambo la kupendeza. Fundi mitambo wa sauti atakuwa na maoni yake.

Vally: banda lililogawanywa

Sumayya Vally wa Johannesburg, kupitia ofisi ya Counterspace, alipewa kazi ya mwaka 2020. Korona ikaiahirisha hadi 2021. Alizaliwa mwaka 1990, na hakuna kiongozi wa mradi wa Serpentine aliyekuwa kijana kuliko yeye.

Swali lake lilikuwa tofauti na la wenzake. Kensington ni mtaa wa matajiri. Wahamiaji wa London hukutania wapi? Akaenda kutafuta mahali hapo, mengine yakiwa bado hai na mengine yameshafungwa: misikiti ya mwanzo, masoko, mikahawa, vilabu vya muziki, maduka ya vitabu ya Brixton, Peckham, Tower Hamlets, Edgware Road na kwingineko. Kutoka huko alichukua vipande vya maumbo, kizingiti hapa, ngazi pale, benchi, pembe ya dari, akaviunganisha kuwa banda moja la waridi, kahawia na kijivu. Liliundwa kwa chuma kilichotumika tena, magamba ya mti wa koki na mbao, juu yake likapakwa tabaka jembamba la saruji.

Kisha akafanya jambo ambalo hakuna aliyelifanya kabla yake: akatoa vipande vya banda nje ya bustani. Kimoja kilikwenda New Beacon Books, Finsbury Park, duka na shirika la uchapishaji la watu weusi lililoanzishwa mwaka 1966. Kingine The Tabernacle, Notting Hill. Kingine The Albany, Deptford. Kingine maktaba ya Valence, Barking na Dagenham. Wenyeji wa huko walipata samani na majukwaa ya kutumia bila kupanda treni kwenda Kensington.

Hapa ndipo ninapomheshimu zaidi Vally, na hapa hapa ndipo mfano wake unapokuwa mgumu kuigwa. Ile kazi ya kusikiliza mitaa haiwezi kufanywa kwa wiki mbili. Ukiifanya kwa haraka utapata banda lenye maumbo ya watu wengine bila watu wenyewe. Na banda kuu, ukilitazama kama jengo tu, halina uwazi wa wazo kama la Zumthor wala la Kéré. Asiyesimuliwa haoni msikiti wala duka la vitabu, anaona nguzo nene na benchi zuri. Msingi wake wa zege nao uliibua maswali magumu, kwa kuwa banda lilitangazwa kuwa rafiki wa mazingira. Swali hilo ni halali na linawahusu karibu wote waliojenga pale: kwa nini jengo la miezi minne likalie zege?

Ukiyaweka ubavu kwa ubavu

Kwa mvua, Kéré anaongoza bila ubishi. Zumthor naye alifungua paa katikati, lakini alichokipa mvua ni mimea, na watu akawaweka chini ya kipenu chembamba. Upepo ukigeuka, magoti yanalowa. Vally aliezeka, na hakulifanya paa kuwa hoja.

Kwa jua jibu linabadilika kulingana na ulipo. Kuta nyeusi za Zumthor zilifaa kiangazi cha London. Zijenge Mombasa au Dar mwezi Februari utakuwa umejenga tanuri, na ule ujia wa giza utakuwa wa kwanza kukimbiwa. Kéré anasafiri vizuri kuliko wote watatu, maana banda lenyewe lilitoka mahali pa joto kwenda mahali pa baridi.

Kwa kukaa: Zumthor kwa mtu mmoja na wawili, Kéré kwa kundi, Vally kwa watu wanaofahamiana tayari. Mpango wake wa ngazi, vibaraza na pembe unawakaribisha watano watano wasogeleane, si mia mbili watazame mbele.

Kinachobaki baada ya msimu ndicho waagizaji wengi hukifikiria mwisho, na Serpentine haina anasa hiyo, kwa kuwa mauzo ya banda hulipa sehemu ya gharama pamoja na fedha za wafadhili. Banda la Kéré lilinunuliwa na jumba la sanaa la Ilham la Kuala Lumpur, Malaysia. Liliuzika kwa sababu lilikuwa vipande vya karakana: chuma cha kufunga kwa boliti, kuta za vitofali vya mbao. Vally alijibu swali kabla halijaulizwa, kwa kuanza na vipande vilivyo tayari kwa wenyewe. Zumthor ndiye dhaifu hapa. Thamani ya kazi yake ilikuwa mahali, saa, na mimea iliyokuwa imekua. Ukivifungua unabaki na mbao na kitambaa.

Wengine wanaostahili kutazamwa

Kama kuhama ndiko kipaumbele chako, usiishie kwa watatu hawa. Banda la Sou Fujimoto la 2013, wingu la fito nyeupe za chuma zenye unene wa milimita 20, sasa liko Tirana, Albania, mbele ya jumba la sanaa la taifa. La Smiljan Radić la 2014, gamba jeupe la faiba lililokalia mawe makubwa ya machimbo, lipo Somerset, Uingereza, katika kituo cha sanaa cha Hauser & Wirth. La Frank Gehry la 2008 liko Château La Coste, kusini mwa Ufaransa. Fujimoto ananivutia sana, ila fito hazitoi kivuli cha maana jua likiwa utosini, na hata London ilibidi vibati vya plastiki angavu viwekwe kukinga mvua.

Frida Escobedo wa Mexico, 2018, ni wa kumsoma ukiwa na bajeti ndogo. Kuta zake zilikuwa vigae vya saruji vya kuezekea, vya kawaida kabisa, vilivyopangwa kwa kuachiana nafasi mpaka ukuta ukapumua. Fundi yeyote mwenye vigae na subira anaweza kuanzia hapo.

Yapo pia ya kuogopesha. Mwaka 2004 kampuni ya Kiholanzi ya MVRDV ilipendekeza mlima wa kulifunika jumba zima la sanaa, na haukujengwa. Mwaka 2019 paa la Junya Ishigami, tani 61 za mawe ya sileti kutoka Cumbria, liligubikwa na habari kwamba ofisi yake ilitafuta wanafunzi wa kufanya kazi bila malipo. Serpentine ikalazimika kuagiza kila anayeshughulikia banda alipwe. Kwa mwagizaji yeyote hilo liwe kipengele cha mkataba, liandikwe kabla mchoro wa kwanza haujaletwa.

Jingine lisilopigwa picha ni mhandisi. Wasanifu Toyo Ito mwaka 2002, Álvaro Siza na Eduardo Souto de Moura mwaka 2005, Rem Koolhaas mwaka 2006, wote walifanya kazi na Cecil Balmond, mhandisi mzaliwa wa Sri Lanka aliyekuwa kampuni ya uhandisi ya Arup. Miezi sita haitoshi kumtafuta mhandisi baada ya mchoro kukubaliwa. Awe mezani tangu siku ya kwanza.

Sasa uchague lipi?

Kama kiwanja chako kiko kando ya barabara yenye kelele, shughuli zako ni chache, na una mtunza bustani unayemwamini, mfuate Zumthor, lakini ubadilishe rangi ya kuta kulingana na jua lako na upanue kipenu. Usimchague kwa tamasha la muziki.

Kama unataka mikutano, ngoma, mihadhara na watoto wanaokimbia, na huna uhakika wa hali ya hewa, mfuate Kéré. Kama kamati ingeniruhusu kura moja tu ningeipiga hapa. Wazo lake linaeleweka na mtoto bila maelezo, fundi seremala wa kawaida anaweza kulitekeleza kwa kipimo kidogo, na vipande vyake vinafunguka. Chukua vitu vitatu kwake na uache vingine: paa lisilokalia ukuta, milango zaidi ya mmoja, na maji yanayopewa njia inayoonekana. Buluu iache kwake, wewe tafuta rangi ya sherehe ya watu wako. Msingi uwe wa vyuma vya kuzungushwa ardhini au vitalu vinavyobebeka, ili nyasi zirudi.

Kama tatizo lako si banda bali ni watu wasiokuja, jumba lako lipo kwenye mtaa ambao wengi hawajioni humo, basi Vally ndiye wa kusoma kwa makini, na uanze angalau mwaka mmoja mapema.

Wa pili na wa tatu wanaweza kuoanishwa, na wala haigharimu sana. Badala ya kujenga banda la Kéré bustanini kisha kusambaza mabaki, geuza mpangilio. Seremala yule yule atengeneze kwanza benchi mbili na kipande kimoja cha ukuta, vipelekwe maktaba ya kata au ua wa shule, vikae huko miezi miwili. Tazama vinavyokaliwa, vinavyosogezwa, vinavyovunjika, na nani anavileta kivulini. Halafu ndipo mchoro wa banda kubwa umalizwe, ukiwa na vipimo vya benchi ile iliyokaliwa.